Ufukwe Usio na Chumvi

Mtu wa pwani akistaafia bara, maji hayaachi kumwita. Mimi ni wa Pangani, mwenzangu wa Tanga. Kazi ilituleta Tabora ujanani, na pensheni imetukuta hukohuko, chini ya miembe, tukila asali ya miyombo. Safari ya kwetu ni ndefu, magoti hayaiwezi tena. Basi mwanzoni mwa Septemba 2024 tukageuza uso magharibi, tukapanda treni ya Kigoma, siku nne tu, tukakae ufukweni.

Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo hii Tabora, Novemba 1857. Ziwa Tanganyika wakalifikia Februari 1858. Sisi ilitutosha usiku mmoja na kipande cha asubuhi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inaandamana na njia ya wapagazi wa Kinyamwezi, waliopeleka pembe kwetu pwani na kurudi na nguo, shanga na Kiswahili.

Siku ya kwanza, kwenye ufukwe mdogo upande wa Katonga, mama watoto alivua ndara akaziweka mbali na maji. Ndivyo tulivyolelewa: bahari ikijaa huondoka na chako. Tukizungumza kidogo, anageuka kuzitazama. Adhuhuri maji yako palepale. Alasiri, palepale.

"Baba, kwani haya maji hayapwi?"

Hayapwi wala hayajai. Nimefundisha jiografia miaka mingi. Nimewaandikia wanafunzi ubaoni kwamba Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Lakini maana ya ufukwe usio na saa zake niliipata siku ile, nikizitazama ndara zile kavu.

Na jua! Kwetu hutoka majini, wavuvi wakirudi. Huku huzama upande wa maji, nyuma ya milima ya Kongo, na hapo ndipo wavuvi wanapotoka. Tulikaa mpaka giza likaingia, taa zao zikatapakaa ziwani kama mji mwingine. Mwezi ulikuwa mwandamo, na dagaa huifuata taa vizuri zaidi usiku wa giza. Mwaka ule uvuvi ulikuwa umesimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwenye mwalo wa Kibirizi, asubuhi kina mama walikuwa wakiwatandaza dagaa juani wakiwa wabichi, wakiwageuza kwa mikono. Pwani sisi huwachemsha kwanza kwa maji ya chumvi. Wa huku wakavu wana utamu wao, nakiri, hasa wakiungwa kwa mawese. Maana mchikichi huku ndio mnazi wao.

Ujiji ndipo tulipojiona tuko kwetu. Baraza mbele ya nyumba, wazee wa kofia, salamu isiyo na haraka. Mzee mmoja alitukaribisha, na baada ya kutusikiliza kidogo akasema, "Nyie ni watu wa mrima." Hatukuwa tumemwambia. Kisha tukaenda kwenye miembe ya ukumbusho, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni husimuliwa habari za wazungu wale wawili. Mwenzangu aliwafikiria wengine, waliopitishwa hapo shingoni wana minyororo, wakapelekwa hadi kwenye bahari ileile tuliyojifunzia kuogelea. Alisimama kivulini muda mrefu. Sikumwita.

Yapo niliyoyapenda kuliko kwetu: maji yanayokuonyesha vidole vya miguu hata yakikufika kifuani, na kuoga bila kuwashwa ngozi baadaye. Lakini kila alipopangusa uso mama watoto alilamba midomo, kisha akanyamaza. Nilijua anatafuta nini, kwa kuwa nami nilikuwa nikikitafuta.

Tuliporudi, treni ilisimama Uvinza, kunakotengenezwa chumvi ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Misafara ilikuwa ikijaza mizigo hapo. Akanunua kifuko dirishani, akakifungua kabla treni haijaondoka, akachovya ncha ya kidole na kukitia ulimini. Akafumba macho. Kisha akaninyooshea kifuko bila kusema neno.