Goma: Jina la Kitshanga ndani ya Fuso ya mbao

Katika kartie ya Ndosho, magharibi ya mji wa Goma, fundi mmoja ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mbao ya jamaa waliompokea. Magotini ameshika Fuso yenye urefu wa sentimita 40. Bodi ni ya mbao, kabini ni ya bati la mafuta ya kupikia, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Ni ya mtoto wa kaka yake, mwenye miaka 7.

Fundi huyu alikimbia Kitshanga, teritware ya Masisi, vita vilipofika huko Januari 2023. Kompresa aliyoitoa kwenye frigo bovu ilibaki. Alibeba pistole ndogo ya kupulizia rangi na bahasha ya poshwari, yaani plastiki zilizotobolewa herufi. Njiani mke wake alimwonya: «Wakiuliza umebeba nini, usitamke pistole. Sema ni pampu ya rangi.»

Leo anajaza upepo kwenye gurudumu la akiba la gari, kisha analiunganisha na pistole kwa mpira mwembamba. Upepo ukipungua, anarudi kwa watengeneza matairi.

Vipimo havibahatishwi. Gari likipunguzwa mara 20, herufi ya sentimita 30 inakuwa ya sentimita moja na nusu. Anaikata kwa wembe kwenye plastiki ya picha za mifupa zinazotolewa hospitalini, maana ni nyembamba na hailowi. Anaibana isiache mwanya. Rangi anaiyeyusha iwe nyepesi kama maziwa, anapuliza kidogo akiwa ameielekeza pistole moja kwa moja, anangoja ikauke, anarudia. Mwenye haraka akimwaga nyingi, rangi inapenya chini ya plastiki na herufi inaota ndevu. Kazi hii anaifanyia nje, upepo ukimpiga mgongoni, na watoto anawaweka mbali.

Kambini watoto walimwomba magari meupe yenye herufi nyeusi za UN, kwa kuwa ndiyo waliyoyaona kila siku. Aliwapakia. Wengine waliomba vifaru. Hao aliwakatalia. Alisema vifaru wamekwisha kuviona vya kutosha.

Ombi la mtoto huyu lilikuwa jingine. Baba yake alikuwa konvoyeri wa Fuso kwenye barabara ya Masisi, na tangu familia ikimbie hajulikani aliko. Mtoto alitaka gari kama la baba, na ubavuni liandikwe KITSHANGA.

Mama yake alikataa. «Shemeji, usiandike. Mtoto atalivuta barabarani, watu watauliza sisi ni wa wapi. Siku hizi swali hilo si la salamu.»

Fundi hakubishana naye. Mama huyo ndiye anayetoka kila asubuhi kutafuta chakula, ndiye anayejua nani anauliza nini. Ubavuni akaandika GOMA – SAKE, barabara ambayo kila mtu mjini anaijua. Mtoto alishukuru kwa heshima, lakini hakucheka.

Usiku ule fundi alikata poshwari nyingine. Jina lile lina herufi tisa, na A mbili ndizo zenye taabu: usipoacha kipande cha plastiki cha kushikilia katikati, tumbo la A linaanguka na kubaki shimo tupu. Mafundi hukiita daraja. Asubuhi akapuliza jina lote kwenye sakafu ya bodi, ndani, mahali mzigo unapolala.

Mtoto aliliona alipomwaga changarawe zake za lava. Alimwita mama.

Mama aliinama, akasoma, akakaa kimya. Kisha akauliza kwa nini zile A zimekatika.

«Ni daraja, shemeji,» fundi akajibu. «Bila hilo herufi haisimami.»

Mama akachota changarawe kwa mikono miwili, akaijaza bodi mpaka jina likafunikwa. Akamwambia mtoto: «Haya, endesha. Ukifika, utashusha.»