Kujifunza Tanga katika Ghuba ya Fethiye

Katika Hadithi sahihi imepokewa habari ya Bibi Ummu Haram binti Milhan, Radhi za Allah zimfikie, mke wa Sahaba Ubada bin Samit. Mtume (S.A.W.) alilala nyumbani kwake, akaamka huku akitabasamu. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari mfano wa wafalme juu ya viti vyao vya enzi. Bibi yule aliomba dua awe miongoni mwa watu hao, naye akaombewa. Miaka ikapita. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman bin Affan, merikebu za Waislamu zilipovuka Bahari ya Kati kuelekea kisiwa cha Kupro, Bibi Ummu Haram alikuwamo. Baada ya kushuka pwani alianguka kutoka juu ya mnyama aliyempanda, akafariki huko huko. Kaburi lake lingaliko karibu na mji wa Larnaca, kando ya ziwa la chumvi.

Nimeanza na bibi huyu kwa sababu kila niwaelezapo kina mama wenzangu kwamba tulikwenda Uturuki kujifunza kuendesha chombo cha tanga, swali huwa ni lile lile: "Na wewe mwanamke ulikuwa ukifanya nini humo?" Nilikuwa nikijifunza, kama mume wangu na kama mabinti zetu wawili. Makala haya ni ya kuwaeleza wasomaji wetu mahali penyewe palivyo, mafunzo yalivyo, na kwa nini jambo hili linazihusu familia za pwani kuliko linavyodhaniwa.

Mahali penyewe ni Ghuba ya Fethiye, katika mkoa wa Muğla, kusini-magharibi mwa Uturuki. Uwanja wa ndege wa karibu ni Dalaman, na kutoka hapo mtu hufika kwa gari katika mji mdogo wa Göcek, penye gati nyingi zilizojaa yoti. Yoti, kwa asiyezijua, ni vyombo vya tanga vya matembezi. Za kukodishwa aghalabu huwa na urefu wa mita kumi hadi kumi na tano, na ndani mna vyumba vya kulala, jiko dogo na msala. Mbele ya Göcek vimetawanyika visiwa vidogo vyenye misonobari mpaka ukingoni mwa maji, na nyuma yake milima imesimama kama ukuta. Kuvuka ghuba kutoka Göcek hadi mji wa Fethiye ni takriban kilomita 20, safari ya saa mbili au tatu kwa upepo wa wastani.

Bahari hii inamfaa mwanagenzi kwa sababu ambazo mtu wa Mombasa huzielewa upesi. Kwetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Nahodha asiyejua saa za kupwa na kujaa huachwa juu ya mwamba, au hukokotwa na mkondo mlangoni mwa bandari. Huko, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa haifiki nusu mita. Ulipotia nanga jioni ndipo utakapoyakuta maji asubuhi. Visiwa huzuia mawimbi ya bahari kuu, na nchi kavu haikupotei machoni. Upepo nao una adabu zake: asubuhi bahari hulala kama mafuta ndani ya sahani, adhuhuri upepo hunyanyuka kutoka upande wa bahari, alasiri hupata nguvu, na magharibi hutulia tena. Katika miezi ya kiangazi, kaskazini-magharibi huvuma upepo mkali uitwao meltemi, lakini milima huikinga ghuba hii kwa kiasi kikubwa. Walimu huwashauri wanaoanza waende Mei na Juni, au Septemba hadi mapema Oktoba, joto linapokuwa la kadiri.

Historia ya pwani hii imeandikwa juu ya mawe yake. Juu ya mji wa Fethiye kuna makaburi yaliyochongwa ndani ya majabali na watu wa Likia, mashuhuri zaidi likiwa lile la Amyntas, la karne ya nne kabla ya Nabii Isa. Jina la mji ni la hivi karibuni: ulipewa mwaka 1934 kumkumbuka Fethi Bey, rubani wa ndege wa dola ya Uthmaniya aliyefariki 1914. Nyuma ya milima kiko kijiji cha Kayaköy, chenye mamia ya nyumba za mawe zisizo mapaa wala watu. Wenyeji wake walikuwa Wakristo wa Kigiriki, na baada ya mapatano ya 1923 ya kubadilishana raia, jamii yao ilihamia Ugiriki, huku Waislamu wa Ugiriki wakihamishiwa Uturuki. Mtu akipita katika vichochoro vile, penye mitini iliyoota ndani ya vyumba vya watu, huwaonea huruma wahamishwa wa pande zote mbili.

Ndiyo bahari aliyoisomea Piri Reis, amirijeshi wa Kiuthmaniya, aliyeandika mwaka 1521 kitabu cha bandari na pwani za Bahari ya Kati, akakiongeza mwaka 1526. Na tusidhani mabaharia wa dola ile walikuwa wageni kwetu. Amir Ali Bey alifika pwani ya Waswahili katika muongo wa 1580, na mwaka 1589 alitekwa na Wareno papa hapa Mombasa.

Sasa mafunzo. Kozi ya mwanzo huchukua muda wa siku tano, nayo haimtaki mtu awe na ujuzi wowote. Siku ya kwanza haifunguliwi hata tanga moja. Mwanafunzi huonyeshwa jaketi la kuokoa maisha na jinsi ya kulifunga, mahali pa kizima moto, namna ya kufunga gesi ya jiko, na redio ya baharini, ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya kuombea msaada duniani kote. Kisha hufundishwa mafundo manne au matano, na kukunja kamba isije ikamnasa mtu mguu.

Siku ya pili hutwekwa tanga, na hapo ndipo Mswahili anapogundua kuwa hakuja mikono mitupu. Kamba ya kutwekea tanga ni henza ile ile aliyoitaja babu. Kamba ya kulikaza na kulilegeza ni demani. Upande utokako upepo ni joshi. Tofauti ni katika umbo. Jahazi lina tanga moja kubwa lililofungwa kwenye foromali, na kulihamisha upande wa pili ni kazi ya wanaume wengi. Yoti ina matanga mawili, moja nyuma ya mlingoti na moja mbele yake, na winchi ndogo humwezesha msichana mwembamba kukaza kamba ambayo mikono mitupu isingeiweza. Jahazi hutiwa farumi ya mawe au mchanga ili lisipinduke. Farumi ya yoti ni risasi au chuma kilichofungwa moja kwa moja chini ya chombo. Kwa hiyo upepo unapolilaza tanga, nacho chombo kikainama hadi sahani zikagongana kabatini, uzito ule wa chini hukirudisha. Mwalimu alitueleza jambo hili mapema, kwa kuwa anayeanza huogopa kuinama kuliko kitu kingine chochote.

Hakuna chombo kiwezacho kwenda kwa tanga moja kwa moja kuelekea utokako upepo. Lazima kubisha: unakwenda mshazari upande mmoja, unageuza, unakwenda mshazari upande wa pili, hadi ufike. Mwenye usukani huamrisha kila mtu ajiweke tayari. Kisha huligeuza omo kuupita upepo, matanga hupiga kelele kama nguo kambani, demani moja hulegezwa na nyingine hukazwa. Siku ya tatu binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mitano, alitubishia kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa saa nzima, akimwamrisha baba yake naye akitii.

Zoezi lililonigusa zaidi lilikuwa la siku ya nne. Mwalimu wetu, mwanamke wa Kituruki, alimwita mume wangu akamketisha kando na kumkataza kusema. Akatupa boya majini, akanigeukia: "Huyo ni mumeo, ameanguka baharini. Nani atamrudia?"

Ndugu msomaji, familia nyingi za pwani hupanda vyombo zikiwa na mtu mmoja tu anayejua kuviendesha. Waliobaki, hasa wanawake na watoto, ni abiria kama magunia. Mtu yule akianguka au akizimia, ujuzi wote umekwenda naye. Na khofu yetu ya maji ina sababu. Hatujaisahau feri ya Mtongwe, Aprili 1994, iliyochukua roho za watu zaidi ya 270, na nyingi katika nyumba zetu zina jina la mtu aliyekwenda baharini asirudi. Lakini khofu tunayowarithisha mabinti bila ya elimu haiwakingi na kitu. Inawakataza kuogelea, kisha inawapandisha chombo hicho hicho.

Zoezi lenyewe lina mpango. Mmoja hupiga kelele, hutupa boya, na kidole chake hakishuki, kikimwelekea aliye majini, kwa sababu kichwa cha mtu hupotea upesi kati ya mawimbi. Mwenye usukani hukigeuza chombo na kukijongeza kutoka upande utakaolifanya omo litazame upepo. Matanga hulegezwa, mwendo unakufa, na chombo husimama ubavuni mwa mtu bila kumgonga. Tulilifanya mara tano, mimi nikiwa usukanini na mabinti kwenye kamba. Mara ya tano binti mdogo aliinama akaliokota boya kwa mkono wake. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa na ruhusa ya kusema, alisema tu, "Alhamdulillah."

Kuhusu dini na stara, mambo ni mepesi kwa anayejipanga. Ni bora familia ikodi yoti yake yenyewe pamoja na mwalimu, na inaweza kuomba awe mwanamke. Vidaka ni vingi, na asubuhi mapema huwa vitupu. Mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima, ambayo Waturuki huyaita haşema, ni jambo la kawaida huko. Chomboni buibui lipungalo halifai, kwani kitambaa hunaswa na winchi. Suruali pana, kanzu fupi na ushungi uliobanwa vizuri hutosha. Nyama nchini humo kwa kawaida ni halali, ila mikahawa mingi ya kandokando ya maji huuza pombe, basi heri kupika chomboni. Kibla, ambacho sisi tunakielekea kaskazini, kule kiko kusini-mashariki. Chombo kilicho nangani huzunguka na upepo, kwa hiyo tulikitafuta kwa dira kabla ya kila swala, na mara nyingi tuliswali nchi kavu chini ya misonobari. Ukiwa karibu na Göcek au Fethiye, adhana ya alfajiri hukufikia juu ya maji.

Eneo lote la Fethiye na Göcek liko chini ya ulinzi maalumu wa mazingira tangu mwaka 1988. Maji machafu ya msala hayamwagwi vidakani. Huhifadhiwa ndani ya tangi na kufyonzwa bandarini. Natamani mikoko yetu ingepata heshima kama hiyo.

Gharama ni kubwa, na sitaki mtu akope kwa ajili ya matembezi. Kuna viza, nauli ya ndege, ukodishaji na ada ya mwalimu. Familia mbili zikishirikiana chombo kimoja, mzigo hupungua, na Mei au Oktoba bei huwa chini kuliko Julai na Agosti. Asiyetaka kujifunza, au mwenye wazee na watoto wachanga, anaweza kukodi guleti, chombo kipana cha mbao chenye mabaharia wake. Na atakayetaka baadaye kukodi yoti bila mwalimu lazima awe na cheti cha unahodha kinachotambulika.

Lakini asiye na uwezo wa kwenda Uturuki hajakosa mwalimu. Lamu, Pate, Kipini, Vanga na hapa Mombasa bado wako wazee wanaojua joshi na demani, na Matondoni bado wanaunda majahazi. Wengi wao hawajawahi kuombwa na mtu yeyote wamfundishe binti. Tuwaombe, babu zetu na wajomba zetu, wakiwa bado hai. Waanze na kuogelea, kisha fundo, kisha usukani, katika maji mafu, asubuhi, karibu na nyumbani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliochukuliwa na bahari, awape salama wanaosafiri juu yake, na amjaalie kila mama na binti elimu ya kumrudia aliyeanguka. Amin.