Kulipia Redio Isiyoonekana

Binamu yangu amenitumia video fupi kutoka Mombasa, na tangu niione sijatulia. Ami amelipamba gari la babu. Pale palipokuwa na redio kaseti, fundi amepanua tundu kwa msumeno wa chuma, akapachika skrini ya Android kubwa kama sinia la pilau. Unga wa dashibodi iliyokatwa bado umetapakaa kwenye zulia. Ami anaigusa skrini kwa kidole kimoja, anatabasamu, kisha anaigeukia kamera: "Mwonyeshe na yule mzungu wenu!"

Gari lenyewe ni Peugeot 504. Kila aliyekulia kwetu ana 504 yake kichwani: ya mwalimu mkuu, ya matatu za bara, au ya Safari Rally. Babu hakuchoka kutukumbusha kwamba gari lake ni ndugu wa lile la Ove Andersson lililoshinda Safari mwaka 1975, na kwamba mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akaja kushinda tena. Hatukumwambia kwamba ya Nicolas ilikuwa coupé yenye injini ya V6, na yake ilikuwa ya kubebea nazi.

Na huyo mzungu wetu ni jirani yangu hapa Coventry, mzee mstaafu mwenye Morris Minor ya 1965. Niliwahi kuwasimulia nyumbani habari zake, na tangu hapo amekuwa mtu wa familia bila yeye kujua. Mzee huyu naye alitaka muziki garini. Lakini alitaka muziki uwepo na redio isionekane. Nikaitwa kushika tochi.

Kwanza, umeme. Gari kuukuu la Kiingereza mara nyingi limefungwa kinyume na tulivyozoea: upande chanya wa betri ndio ulioshikishwa kwenye bodi. Ukichomeka redio ya leo hapo bila kujua, utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo. Basi mzee aligeuza betri, akageuza waya za koili, kisha akachukua waya wenye moto akaugusisha kwenye terminali ya dainamo yenye herufi F, mguso mmoja tu, cheche ikaruka. Hivyo ndivyo dainamo inavyofundishwa mwelekeo mpya. Alifanya haya huku akipiga miluzi, mimi nikiwa nimerudi nyuma hatua mbili na tochi yangu.

Halafu hesabu. Dainamo ya gari lile, ikizunguka vizuri, hutoa ampea 22, na gari likisimama kwenye taa za barabarani haitoi karibu chochote. Taa kubwa zinataka sehemu yao, waipa zinataka yao. Mzee akaandika yote nyuma ya bahasha, akajumlisha, akachagua amplifaya ndogo inayoenea chini ya kiti. Kwetu hesabu hiyo hufanywa na betri yenyewe, asubuhi, gari linapokataa kuwaka.

Redio ya zamani, Radiomobile yenye vifundo viwili vya kuzungusha, ilipelekwa kwa posta kwa fundi wa mji mwingine. Ikarudi na uso ule ule na mshale ule ule, ila matumbo yote mapya: FM, Bluetooth, kila kitu. Spika zikawekwa kwenye visanduku vya mbao alivyochonga mwenyewe vikaingia chini ya viti vya mbele. Hakutoboa hata tundu moja jipya. Kila skrubu ilitafutiwa tundu lililokuwepo. Na waya! Wa kahawia ndio wenye moto wakati wote, mweupe unapitia swichi ya ufunguo, kijani umetoka kwenye fyuzi, mweusi ni ethi. Kiwanda kilipanga hivyo, na mzee akanunua waya za rangi hizo hizo, akazivika utepe wa kitambaa, ili hata atakayelala chali chini ya dashibodi na kurunzi asigundue.

Nikamuuliza ni nani huyo atakayelala chali. Akaniangalia kama nimemuuliza nani atakayekuja siku ya kiyama.

Kuificha redio kulimgharimu zaidi ya redio yenyewe. Siku ilipokamilika alinipakia, simu yake ikiwa mfukoni mwa koti, akabonyeza kitu humo humo mfukoni, na gari likajaa tarumbeta. Nikaanza kutafuta kwa macho zinakotoka. Wallahi, raha aliyoipata mzee yule haikuwa ya muziki. Ilikuwa ya kuniona nikitafuta. Maana tulipofika barabara kuu, injini ya Morris ilimeza tarumbeta zote na hatukusikia tena kitu.

Sasa rudi Mombasa umwambie Ami alipe fundi, halafu afungue mlango wa gari asione kitu. Atadai pesa zake. Kwetu pesa iliyotumika sharti ionekane, na ikiwezekana isikike mtaa wa pili. Matatu ya nganya haijawahi kuficha spika. Kwenye msafara wa harusi hakuna gari linalonong'ona. Redio tuliificha kwa sababu moja tu, mwizi, na hata hapo hatukuificha, tuliibandua. Mamangu amezunguka Marikiti miaka na miaka na uso wa redio ndani ya kikapu, kati ya vitunguu na mkungu wa ndizi. Na haya magari ya mtumba ndiyo usiseme: redio inayoishia FM 90 mpaka ununue ekspenda, na ile sauti ya dada wa Kijapani inayotusalimu kila asubuhi kuhusu kadi ambayo hatutakuwa nayo mpaka tufe.

Msinielewe vibaya kuhusu fundi. Huyu aliyeshika msumeno ndiye aliyefufua alternata ya gari hilo hilo kwa vipuri vya pikipiki, kazi ambayo mzee wa Coventry asingeithubutu. Kweli, waya mwekundu ukimwishia anaendelea na wa njano, na ukiisha wa njano anaendelea na wa simu. Lakini hajawahi kupata mteja aliyemwambia, "Nifungie, kisha ufiche." Angeambiwa, angeificha mpaka mwenyewe asiione tena. Wateja wa namna hiyo wako Nairobi, kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako watu hupanga magari yao yakaguliwe mpaka chini ya mazulia. Nilipomtajia Ami habari hiyo alijibu kwamba watu wa Nairobi wana muda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba 504 ilikuwa kazi rahisi. Ethi yake ni hasi kama gari lolote la leo. Ina alternata. Hakuna cha kugeuza wala cheche ya kurusha. Amplifaya ya Bluetooth isiyo na uso kabisa, inayoenea kiganjani, ingelala ndani ya droo na kaseti ya babu ingebaki mahali pake. Na zile 504 zilizounganishwa papo hapo Mombasa zinapungua kila mwaka. Hapa Uingereza gari likipita miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara na hata ukaguzi wa kila mwaka. Kwetu likipita miaka minane haliruhusiwi hata kushuka bandarini. Nikianza hapo, lakini, hatutamaliza leo.

Nilimtumia Ami haya yote kwa sauti. Akanijibu kwa sauti ndefu kuliko yangu. Kwani nilidhani ile redio kaseti ilitoka kiwandani na gari? Babu aliiweka mwenyewe, kwa patasi, bibi akilia, kwa sababu alitaka kusikiliza kanda za Juma Bhalo akienda Malindi. Basi asili ninayoililia ni ipi?

Nikaenda kumuuliza mzee wa Morris, nikitumaini atanipa silaha. Akakiri kwamba hata Radiomobile haikuja na gari. Redio siku hizo ilikuwa ya kuagizwa zaidi, na ile iliwekwa na mmiliki wa kwanza. Hakunisaidia kitu. Bado nasema babu alikata kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kumsikia Bhalo njiani, na Ami njia alikuwa nazo tele. Ami anasema huo ni usemi wa mtu anayeishi mahali pasipo na jua.

Tumefika hapa: binamu amepata dashibodi nzima ya 504 kwenye yadi ya vyuma chakavu, nitailipia mimi, pamoja na amplifaya ya kwenye droo. Skrini itauzwa. Ami amekubali kwa sharti kwamba spika mbili kubwa ziwekwe dirisha la nyuma, chapa ikitazama nje, ili wanaomfuata barabarani wajue.