Bando ya siku moja inatosha

Vijana wenzangu, hapa Kakuma wengi wanaamini kujifunza kuandika programu ni mambo ya mwenye intaneti nyumbani. Hapana. Bando unahitaji siku moja tu. Python ni ya bure, na faili yake ya Windows haifiki MB 50. Ikishaingia kwenye flashi, hata watu kumi wanainstoli bila kulipa. Inakuja na IDLE, sehemu ya kuandikia na kujaribu programu zako, na inafanya kazi bila mtandao.

Kompyuta yetu ni kuukuu, inategemea sola, tunapokezana. Mdogo wangu ameshaandika programu ya kupiga hesabu ya unga wa mgao: tukipika kiasi hiki kwa siku, utaisha lini? Mwezi huu ilituonyesha tarehe 19. Tukapunguza kipimo mapema.

Mwenye kompyuta, njoo na flashi.