Gauni Lako la Harusi Lisilale Sandukuni

Kanyenye, Tabora

Mpwa wangu mpendwa,

Baba yako amepona kifua na ameanza kwenda shamba. Ujumbe wako umefika. Unaniuliza ufanye nini na gauni lako la harusi: mama mkwe anataka litunzwe, mume anaona bora liuzwe, na shoga zako wanasema likivaliwa na mwingine ndoa yako itaingia mkosi. Nimeona nikuandikie barua, usome ukiwa umetulia.

Nianze na huo mkosi. Ndoa huvunjwa na dharau, uongo, ulevi na kununiana. Haivunjwi na satini. Tena gauni jeupe si mila ya babu zetu hata tuliogope. Lilienea duniani baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na vazi jeupe mwaka 1840. Na yeye mwenyewe hakuifungia lasi ya harusi yake. Aliivaa tena na tena, na katika picha rasmi ya jubilei yake ya mwaka 1897 anaonekana amejitanda shela ileile ya siku ya ndoa. Kama malkia hakuona vibaya, wewe unaogopa nini?

Sasa tuje kwenye kiini. Gauni lile ni lako, lakini hukulinunua peke yako. Unakumbuka kamati ilivyokaa, na daftari la michango lilivyozunguka. Shangazi zako wa Sikonge waliuza asali, mjomba akatoa gunia la mpunga, na majirani wakachanga walichokuwa nacho. Kitu kilichopatikana kwa mikono mingi namna hiyo kinafaa kiendelee kuwafaa watu. Huo ndio ushauri wangu, mengine yote ni utaratibu wake.

Wewe umezaliwa katika mji uliokuzwa na nguo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kuja hapa Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji, na mabegani mwa wapagazi wetu wa Kinyamwezi kulikuwa na majora ya marekani, kitambaa kilichosafirishwa kutoka bandari ya Salem huko Marekani mpaka Unguja, pamoja na kaniki za India. Nguo ilipimwa kwa mikono, mikono minane ikawa doti moja, na kwa nguo hiyo watu walilipa hongo kwa watemi, wakanunua chakula, wakatoa ujira. Mpagazi aliporudi kwao, ujira wake wa nguo uligeuka jembe, mbuzi, hata ng'ombe. Wazee wale walijua kwamba thamani ya nguo ni kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, lifue mapema. Geuza pindo la nyuma uliangalie mchana: utaona mstari wa vumbi letu jekundu, lililoingia ulipoliburuza uwanjani kanisani. Angalia kwapani, kwenye jasho na manukato, kisha kifuani, ulipomwagikiwa soda wakati wa kulishana keki. Soda ikikauka huwa haionekani, lakini sukari yake baadaye hugeuka doa la rangi ya chai. Likung'ute vumbi kwanza likiwa kavu. Kisha liloweke katika beseni pana, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ulibonyezebonyeze bila kulisugua wala kulikamua. Usitie jiki, itaharibu weupe wa kitambaa. Maji ya moto nayo huachisha gundi, shanga zikadondoka. Lianike kivulini juu ya shuka safi, limelazwa. Ila kama lebo ya ndani inakataza maji, mpelekee dobi anayejua kazi hiyo.

Likikauka, usilitie kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu hufungika humo na kitambaa kikapata manjano na ukungu. Nunua marekani mpya, uifue itoke wanga wote, ulifungie humo. Mikunjo iwekee vitambaa vilivyoviringishwa, na kila baada ya miezi michache likunjue ulikunje upya. Lile sanduku la mninga ulilopewa na bibi linatosha, ila litandike kitambaa kwanza, gauni lisigusane na mbao.

Pili, liazimishe. Watu watakuambia nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni kweli kwa mtu anayetaka kuishi kwa vya watu, lakini gauni la harusi huvaliwa siku moja tu. Katika jumuiya zetu wamo akina mama wenye watoto watatu, wanne, wanaoishi na waume zao kwa upendo, na hawajabariki ndoa kwa sababu wanaona gharama za siku hiyo hawaziwezi. Wanaketi benchi la nyuma, wenzao wakipokea komunyo wao wanainama. Padri hadai gauni, lakini mwanamke ana heshima yake, anataka siku ile aonekane bibi harusi. Mfikirie huyo kabla ya rafiki zako wa mjini.

Ila uwe na utaratibu. Mmisionari Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1871 alikuta bidhaa zake zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa azitunze, akabaki karibu mikono mitupu. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika nani amechukua, lini, na atarudisha lini, likiwa limefuliwa. Mkataze fundi asikate kitambaa. Kupunguza ashikize kwa mishono mirefu inayofumuka, na kuongeza afungue mishono ya ubavuni, maana ndani kuna akiba.

Tatu, litakapochakaa, ndipo likatwe. Sketi pana kama ile hutoa magauni ya komunyo ya kwanza ya wasichana wawili au zaidi, na bitana yake ikatoa nguo ya ubatizo ya mwanao. Shela usiigawe, ibaki kwako.

Mumeo naye asikilizwe. Ikitokea shida ya kweli, ada ya shule au matibabu, uzeni bila kuona haya, lakini mkubaliane kwanza fedha hiyo ni ya nini, isije ikaliwa kidogokidogo. Na mama mkwe usibishane naye. Mwombe yeye ndiye awe mtunzaji: sanduku likae kwake na daftari alishike yeye. Anachotaka ni kuona harusi ya mwanawe inaheshimiwa, na hapo ataiona ikiheshimiwa na watu wengi.

Ukimaliza kulifua, nitumie vipimo: kifua, kiuno, na urefu kutoka begani. Hapa mtaani kwetu yuko dada anayetaka kubariki ndoa kabla ya Majilio. Nitamwuliza, na akikubali, litume kwa treni, nitakwenda kulipokea stesheni mwenyewe.

Wasalimie wote wa huko, na mama mkwe umpe salamu zake peke yake.

Ni mimi,
Shangazi yako