Gari Lenye Macho Kiooni

Gari lenyewe linaenea kiganjani. Ni jekundu, lina namba 95 ubavuni, na pale ambapo gari la kawaida lina kioo cha mbele, hili lina macho mawili ya buluu yanayotazama pembeni. Chini, kwenye bampa, kuna mdomo unaocheka. Mama alilikuta mwezi wa nne ndani ya mfuko wa koti la mtoto, alipokuwa akifungua belo la mitumba pale Karume. Alilipangusa kwa khanga, akaja nalo nyumbani na kumpa mdogo wangu anayesoma darasa la kwanza. Mimi sikupewa kitu wala sikutarajia. Mtu wa kidato cha nne hapewi gari la kuchezea.

Mwezi wa nane, siku ya Jumamosi, kaka mmoja alisimama mezani kwa mama akitafuta suruali. Akamwona mdogo wangu akiliendesha gari lile juu ya rundo la soksi. Suruali ikasahaulika. Alisema yeye hukusanya magari madogo ya chuma, na kwamba hili angelinunua kwa shilingi 25,000 kama halina mkwaruzo. Aliomba alishike kidogo, lakini mdogo wangu alilificha nyuma ya mgongo, akakataa katakata kulitoa kwa mtu mgeni. Yule kaka akacheka, akaniachia namba ya simu. "Niandikie hali yake, dogo, kila kitu. Utume na picha." Nikamwitikia haraka, kabla hata ya kumwuliza mwenye gari.

Naomba nieleweke. Shuleni kwetu kulikuwa na kambi ya wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, na mchango wake ulikuwa shilingi 20,000. Mama alikuwa amekwisha kulipa ada ya mtihani na kununua vitabu viwili. Sikuwa na uso wa kumwomba tena.

Usiku ule niliketi na daftari, rula na gari. Mwenyewe alikuwa amelala.

Nilianza na yale niliyoyajua. Gari hili ni Lightning McQueen, mhusika mkuu wa filamu ya Cars iliyotolewa na studio ya Pixar ya Marekani mwaka 2006. Wengi hudhani jina hilo limetokana na Steve McQueen, yule mwigizaji aliyependa mbio za magari. Sivyo. Ni kumbukumbu ya Glenn McQueen, mtaalamu wa katuni wa studio hiyohiyo aliyefariki mwaka 2002. Namba 95 nayo ni ya mwaka 1995, ilipotoka Toy Story, filamu ndefu ya kwanza ya Pixar. Filamu yenyewe niliiona kwenye banda la video mtaani, nikiwa nimekaa chini kwa sababu mabenchi yalijaa.

Kisha nikaligeuza. Tumboni pana jina la Mattel, kampuni ya Marekani, na neno China, mahali lilikotengenezwa. Magari ya jamii hii hutengenezwa kwa kipimo cha 1:55. Nililipima nikapata kasoro kidogo ya sentimita 8. Ukizidisha 8 kwa 55 unapata sentimita 440, yaani mita 4.4, urefu wa teksi ya kawaida. (Swali la namna hii hupenda kuja kwenye hesabu, na watu hulikosa kwa kusahau kubadili vizio.)

Uzito wake ndio ulionipendeza kuliko yote. Gari la plastiki ukilisukuma huruka na kupinduka. Hili huteleza kwa utulivu, likijua linakokwenda. Mwili wake ni wa aloi ya zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419 hivi, chini sana ya chuma, ndiyo maana viwanda hupenda kuisukuma ikiwa uji ndani ya kalibu ya chuma, ikipoa hutoka na kila mfinyo na kila kona. Macho hayakuchorwa kwa mkono. Hupigwa chapa kwa pedi laini inayojikunja kufuata umbo la kioo. Pedi ikisogea kidogo tu, gari hupata makengeza. Hili letu halina makengeza.

Kuhusu macho hayo, nina maoni yangu. Wachoraji wengi wa magari ya katuni huweka macho kwenye taa za mbele. Hapo macho huwa mbalimbali, na uso wote unafanana na wa samaki. Waliotengeneza Cars waliyapeleka kwenye kioo, mahali ambapo dereva angekuwa amekaa, na ghafla gari likawa mtu. Taa za McQueen, kwa upande mwingine, ni stika tu. Hata ndani ya filamu hazimuliki, na usiku anapopotea njia huona cha moto. Kwenye gari letu taa hizo zimechapishwa vizuri kiasi kwamba mdogo wangu huzipuliza ziwake.

Magurudumu sikuyasifu. Ni ya plastiki, na ekseli ya nyuma ina mchanga wa Karume ambao sindano haikuweza kuutoa.

Nikafika kwenye boneti. Hapo, juu ya maandishi ya Rust-eze, rangi ilibanduka ukubwa wa punje ya mchele. Mdogo wangu aliliangusha kwenye ngazi ya saruji mwezi wa sita, akalia hadi akapata kwikwi. Siku hiyo mimi ndiye niliyechukua rangi ya kucha ya mama, nyekundu, nikapaka pale ili anyamaze. Ukitazama mchana utaona doa limevimba na wekundu wake ni wa damu ya mzee. Kwenye picha ya simu, usiku, halionekani kabisa.

Niliandika: "Rangi iko vizuri, haina mkwaruzo." Nikapiga picha tatu. Nikasema nitatuma asubuhi, salio la mama likiwepo.

Asubuhi mdogo wangu aliliona daftari kabla yangu. Amejua kusoma hivi karibuni, na mtu aliyejua kusoma hivi karibuni hukusoma kila kitu, hadi pakiti ya chumvi. Alinikuta nikipiga mswaki uani, kidole chake kikiwa juu ya mstari.

"Kaka, ha-i-na mkwa-ru-zo. Hapa umekosea."

"Sijakosea."

"Kile kidonda chake tulichokitia dawa, umesahau?"

Alilisema bila ubaya wowote. Alidhani ni kosa la tahajia. Akaniletea kifutio, ilhali nilikuwa nimeandika kwa wino.

Nilikaa na daftari lile mapajani muda mrefu. Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia kwamba tathmini isiyotaja kasoro ni tangazo la biashara, nami nilikuwa nimelinakili neno hilo kwa mwandiko mzuri kabisa, kurasa mbili nyuma. Nikachana karatasi, nikaandika upya. Nilitaja boneti, rangi ya kucha na mchanga wa kwenye ekseli. Nikapiga picha ya nne, juani, kwa karibu.

Jibu lilikuja jioni. Yule kaka alishukuru kwa ukweli, akasema kwa hali hiyo angetoa 10,000, zaidi ya hapo asingeweza. Nikampelekea mama simu asome. Mama hakunijibu mimi. Alimwita mdogo wangu, akamweka mbele yake, akamweleza bei kama anavyomweleza mteja mtu mzima.

"Elfu kumi ni nyingi?" akauliza.

"Ni nyingi kiasi," mama akasema.

Alifikiri huku akiligeuza gari tumbo juu na kuyazungusha magurudumu. "Mwambieni aje acheze nalo hapahapa. Hatutamtoza."

Basi sikwenda kambi. Wenzangu watatu wamenipigia picha mitihani ya nyuma waliyoifanya huko, na kila usiku naifanya mezani, karibu na feni ambayo hupeperusha karatasi zote. Mdogo wangu akienda kulala huniazima gari ili lizikandamize, kwa sharti kwamba asubuhi alikute limegeuziwa mlangoni. Uzito wake unatosha kabisa. Linakaa juu ya karatasi za Kemia, doa la rangi ya kucha likiwa upande wangu, macho yakitazama dirishani.