Usinunue Sifa, Mpwa Wangu

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu kipenzi,

Mama yako amenisomea ujumbe wako mara mbili: kwamba umeweka akiba hadi imefika laki sita, kwamba unataka chumba chako cha Mbagala kiwe studio, na kwamba tayari unayo kompyuta, maiki na kadi ndogo ya sauti. Umeuliza mambo mawili. Utumie programu gani? Na je, ununue zile hedifoni nyekundu zisizo na waya ulizojaribishwa Kariakoo, zenye besi ya kutikisa kifua? Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa sababu mambo ya simu husahaulika mapema.

Nianze na kisa ambacho hata mama yako hakijui vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilirekodi kikundi cha taarabu cha hapa mjini. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani, na spika zangu zilikuwa za redio ya sebuleni, zile zinazotengenezwa kumpendeza mnunuzi, besi imejazwa tangu kiwandani. Gitaa la besi lilinguruma kwenye spika zile, nami nikalipunguza. Nikalipunguza tena. Nikaridhika kwamba kila kitu kimekaa mahali pake, tukatoa kanda 200. Siku ya harusi kanda ikawekwa kwenye spika za ukumbi, na besi haikusikika. Kodiani na fidla zikachoma masikio. Mzee aliyepiga lile gitaa alikuwa amekaa mbele na kanzu yake nyeupe, anasikiliza wimbo ambao yeye hayumo. Hakunilaumu. Alinishika mkono wakati wa kuaga, akaenda zake. Nilirudia kazi ile bila malipo, lakini kanda za mwanzo zilikwisha kuenea mitaani.

Spika zile zilinisifu, nami nikaziamini. Tangu siku hiyo kila kifaa nakiuliza swali moja: utanionyesha kosa langu ningali peke yangu chumbani, au utaniacha nikaambiwe na watu? Nataka na wewe uulize hivyo kabla hujatoa hata senti.

Sasa tuzichukue zile hedifoni nyekundu. Besi iliyokusisimua dukani haimo katika wimbo. Imeongezwa na hedifoni. Ukimiksi kwa hizo utaipunguza besi yako kama nilivyofanya mimi, na wimbo utatoka mwembamba. Halafu hazina waya. Sauti ya Bluetooth huchelewa, mara nyingi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi. Ukitazama filamu huenda usijali, lakini mwimbaji anayesikia sauti yake mwenyewe ikimjia kwa kuchelewa hupoteza mapigo, na utadhani hajui kuimba kumbe unamwonea. Tafuta za waya.

Za waya ziko za namna mbili. Zilizofungwa huzuia sauti isitoke nje, na zilizo wazi mgongoni huiachia ipumue. Zilizo wazi, kama Sennheiser HD 600, zinasifika sana kwa kumiksi kwa sababu sauti yake haibanwi sikioni. Lakini ukimvika mwimbaji, mapigo ya kuongozea yatavuja na kuingia kwenye maiki, na ukishayarekodi pamoja na sauti yake ni vigumu sana kuyachuja. Wewe una uwezo wa kununua moja, unarekodi waimbaji, na nyuma ya ukuta wako kuna jirani mwenye redio. Nunua zilizofungwa.

Ziko tatu ambazo mafundi wengi wanazifahamu: Sony MDR-7506, iliyo kazini studioni tangu 1991, Audio-Technica ATH-M50x, na Beyerdynamic DT 770 Pro ya Ujerumani. Hiyo ya mwisho hutoka kwa vipimo mbalimbali vya ukinzani, na maduka mengi hayaelezi. Ya omu 250 inahitaji nguvu nyingi, na kadi yako ndogo inaweza kushindwa kuipa sauti ya kutosha. Ya omu 80 itakufaa zaidi. Hakuna iliyo kamili kati ya hizi tatu. Kila moja ina tabia yake, na ukikaa nayo miezi michache utaijua kama unavyojua hatua za mama yako ukumbini usiku.

Uende dukani na nyimbo tano unazozijua kwa moyo, na usikubali kuwekewa wimbo wa mwenye duka. Chukua nyimbo zilizorekodiwa vizuri, moja ya ngoma, moja ya sauti ya mtu karibu peke yake. Sikiliza kama unasikia kitu ambacho hukuwahi kukisikia: mwimbaji akivuta pumzi, kidole kikiteleza kwenye uzi wa gitaa. Ukikisikia, hizo hedifoni zinasema kweli. Tazama pia chapa na kasha kwa makini, kwa maana bandia ni nyingi, na bei ikiwa chini mno jiulize sababu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Kuhusu programu, nitakuwa mfupi kuliko ulivyotarajia, kwa sababu hapo wengi hupoteza miaka wakibishana. Unaposikiliza wimbo uliokamilika huwezi kujua ulitengenezwa kwa programu gani. FL Studio ya Ubelgiji, iliyoanza kwa jina la FruityLoops, ni nzuri kwa kujenga biti, na ukiinunua mara moja unapewa matoleo mapya bila kulipa tena. Ila toleo lake la majaribio halitakuruhusu kuifungua tena kazi uliyoihifadhi, na ukinunua hakikisha toleo unalolipia linarekodi maiki. Cubase ni ya zamani, tangu 1989, na ina mambo mengi ambayo kwa sasa huyahitaji. Wewe kazi yako kubwa ni kurekodi sauti za watu, kwa hiyo ningekushauri Reaper. Ni nyepesi hata kwa kompyuta ya kawaida, inakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake kwa mtu wa kipato chako ni dola 60. Katika siku hizo 60 maliza wimbo mmoja, uwe mbaya uwe mzuri. Baada ya hapo lipia, kisha usihamahame. Mshika mawili, moja humponyoka.

Utashawishiwa kuchukua programu iliyokrakiwa, ya bure kwenye flashi. Usiichukue. Mara nyingi huja na virusi, na siku moja utaamka kazi ya wateja haifunguki. Na liko kubwa kuliko hilo. Wewe unataka watu walipie nyimbo zako. Aliyeandika programu ile naye alikesha kama unavyokesha.

Jambo moja la kiufundi litakupunguzia machozi. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kidogo kwenye bafa kabla ya kuitoa. Kwa kipimo cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huchelewesha sauti kwa kama milisekunde 3, na ya 1024 kwa kama 23. Unaporekodi, weka ndogo ili mwimbaji asikie sauti yake papo hapo. Unapomiksi, weka kubwa ili kompyuta isikwame.

Hata hedifoni za kweli zina mpaka wao. Ndani yake sikio la kulia halisikii cha kushoto, ilhali chumbani masikio yote mawili husikia spika zote mbili. Kwa hiyo vyombo utaviona vimeachana mno, na besi utaisikia bila kuihisi mwilini. Kila unapomaliza, cheza wimbo kwenye simu, kwenye redio ya jirani, na kwenye bajaji ya kijana yeyote atakayekubali. Uandike ulichokisikia, urudi ukarekebishe.

Na usipandishe sauti. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti ikiwa chini sikio hupungukiwa na besi. Ndiyo maana ukipandisha kila kitu huonekana kitamu. Huo ni utamu wa kudanganya. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na zikifika 90 ni saa 4 tu. Sikio langu la kushoto linalia kama nyenje usiku na mchana. Nilijua, lakini nilichelewa kujua. Kila saa moja vua hedifoni, utoke nje, unywe maji.

Nimekuwekea flashi ndani ya bahasha hii. Ina wimbo mmoja kutoka ile kanda ya harusi, niliouhamishia kwenye kompyuta bila kugusa kitu. Nenda nao dukani. Ukiusikia umekaa sawa na besi ipo, mrudishie mwenye duka hedifoni zake, kwa kuwa hizo zinasema uongo uleule nilioambiwa mimi. Endelea kujaribu nyingine mpaka umkose yule mzee kwenye wimbo. Zitakazokuonyesha kwamba hayupo, hizo lipia.

Mama yako na bibi yako wanakusalimu.

Wako akupendaye,
Mjomba wako